Kidole Ndani ya Mtungi

Mnanichosha. Kila mgeni akiingia hapa lazima mumlete kwangu ati, "Dani, msimulie ile ya Mweiga." Kwani nyanya yenu ni redio? Haya, kaeni. Nitasema mara moja, na anayetaka kulia akalie huko nje.

Tulitoka Nyakach na marehemu mume wangu Ogutu, polisi, alipohamishiwa Mweiga, huko Nyeri. Akafa, nikabaki na Chris, mwanangu wa pekee. Kwetu mwanamume hafinyangi, ni aibu. Lakini ugenini aibu haipiki ugali. Baridi ya huku ilipopinda vidole vyangu, nikamfundisha. Mikono yake ikawa ndiyo biashara yote ya nyumba yetu.

Mwaka juzi hoteli moja ya watalii ikataka mitungi arobaini. Udongo wa Mweiga hupasuka motoni usipochanganywa na vigae vilivyotwangwa. Mama yangu alinifunza: twanga vigae vya mkono unaoujua. Vya mtu usiyemjua, wacha. Vyetu vilikuwa vimekwisha. Chris akaniletea debe la unga mwekundu, akasema amenunua vyungu vilivyovunjika sokoni Karatina. Nikaamini. Hakuna mjinga kama mama wa mtoto mwenye haraka.

Udongo ukakubali. Ulikubali mno.

Siku ya tatu, mitungi ikiwa imekauka kibandani, nikaona alama ya kidole gumba ndani ya mdomo wa kila mmoja. Gumba dogo, lenye kovu la mpasuko katikati. Nikamgombeza Chris kwa kazi chafu. Akazisugua zote kwa kokoto mpaka zikaisha. Tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, alama zilikuwa pale pale. Udongo ulikuwa mkavu kama mfupa. Alama zilikuwa mbichi.

Tukachoma mchana, ukungu umeshuka kutoka milima ya Aberdare. Hakuna mtungi uliopasuka. Majivu yalipopoa, Wachuka, mke wa Chris, akainama kutoa wa kwanza. Akabaki ameinama hivyo hivyo.

"Mama," akanong'ona, "njoo usikie."

Nikaweka sikio. Pa. Pa. Pa. Kofi la mfinyanzi kwenye udongo mbichi. Lilitoka ndani.

Nikashika wa pili. Pa. Pa.

Punde yote ikawa inapiga, ikasikika hadi uani. Tukamwita Kingori, mwenye shamba. Akaingiza mkono, akapapasa ile alama. Akavua kofia.

"Hiki ni kidole cha mama yangu," akasema polepole. "Panga ilimpasua akikatia ng'ombe nyasi."

Mama yake, Kabura, alikuwa mfinyanzi wa mwisho wa mtaa ule. Vyungu vyake vitatu vilikuwa vimefunikwa midomo chini juu ya kaburi lake, nyuma ya ua. Siku tulipokodi shamba, Kingori alitukataza kuvigusa. Tukaenda kuangalia. Kaburi lilikuwa tupu juu.

Nikamtazama Chris. Akatazama viatu vyake.

"Zilikuwa vyungu tu, Mama. Si hakuna mtu alikuwa anazitumia?"

Kule kwenye majivu, mitungi ikanyamaza. Yote. Kwa pamoja, kama watu wanaosikiliza.

Tukaibeba yote arobaini hadi kaburini, tukaifunika midomo chini. Kingori akaomba. Hoteli ikatafuta wafinyanzi wengine. Nikadhani tumeshalipa.

Asubuhi Chris akakanda udongo. Alipobonyeza, alama ya kidole ilijifuta. Akabonyeza tena. Ikajifuta. Wiki nzima hakusimamisha hata kikombe. Mikono niliyoifundisha mwenyewe, udongo ukaikataa mbele yangu.

Siku hizi anapakia magunia ya viazi kwenye malori. Mwezi uliopita alienda kutafuta kitambulisho kingine. Mashine ikakataa kidole gumba. Ikakataa na tisa vilivyobaki. Karani akageuza mikono yake, akamuuliza aliungulia wapi.

Hakuungua popote. Vidole ni laini tu, vyote kumi, bila mstari hata mmoja, kama ganda la yai.