Mkanda wa Kiti Kitupu

Kengele ya mkanda ililia siku ile ile ya kwanza, na kiti cha abiria hakikuwa na mtu.

Garrett ndiye aliyelichagua gari. Alikuwa na digrii ya takwimu na miaka miwili ya kulala chumba cha chini nyumbani kwa mama yake, huko Indiana, akituma maombi ya kazi kwa watu wasiojibu. Mama yake, Rhonda, akampa kazi ya bure: amtafutie mdogo wake Kelsie, miaka kumi na sita na leseni mbichi, gari ambalo halitamuua. Akaifanya kwa hasira. Vigari vyepesi akavikataa, vya mbio akavitukana, akasoma majaribio ya kugonganisha magari mpaka macho yakamuwasha. Akaleta sedani ya kijivu iliyokwishatumika, nzito, mifuko ya hewa minane, nyota tano za usalama.

Kengele haikukoma. Garrett akasema ni mtambo wa kiti unaohisi uzito umechanganyikiwa, akafanya wanachofanya madereva wote wa pale: akavuta mkanda, akaufunga juu ya kiti kitupu. Kimya. Hakujua kwamba amemtengea mtu nafasi.

Kabla ya Ijumaa gari lilinuka matope ya mtaroni na sukari iliyoungua. Kelsie akawa anashinda humo, madirisha yamefungwa, akinong'ona. Rafiki yake Paige alipotaka kukaa mbele, mlango ulijifunga ukamvunja vidole viwili, na Kelsie akamwambia taratibu kwamba pana mwenyewe. Garrett akaficha funguo. Asubuhi walikuta injini inanguruma uani.

"Bro, mwenyewe anasema mkanda wake haukumshika gari lilipoingia mtaroni," Kelsie akamwambia, bila kupepesa macho. "Leo anataka na mimi nisifunge wangu. Tufanane."

Mchana huo, Jumamosi, Garrett akamwona Kelsie anaondoa gari. Akakimbia, akafungua mlango wa abiria, akaufungua ule mkanda na kujitupa kitini, na kiti kilikuwa baridi na kimelowa, na kitu kizito chenye viwiko kikajikokota juu ya bega lake, kikimpumulia uchafu sikioni, kikaangukia nyuma huku gari likizidi kasi katikati ya mahindi, naye anapigana na mikono ya mdogo wake kumfunga mkanda na Kelsie anamng'ata kwa hasira isiyokuwa yake, mpaka mkanda wa Kelsie ukabana, ndipo taa za buluu za polisi zikawaka nyuma yao na Kelsie, kama mtu aliyeamshwa, akakanyaga breki.

Askari Haskett alikuja bila haraka. Akaangalia leseni, akamwangalia Garrett.

"Jitu zima unaendeshwa na mtoto. Huna kazi?"

"Sina."

"Inaonekana. Sasa sikia, binti. Leseni hii haikuruhusu kubeba vijana wenzio, ila ndugu tu. Huyu ni kaka yako, sawa. Yule wa nyuma ni nani?"

Garrett akageuka. Nyuma hapakuwa na mtu. Kiti tu, kimebonyea, kinachuruzika maji.

Kelsie akafumbua mdomo. Garrett akamkamata mkono, akauminya.

"Hatumjui, afande. Amedandia."

Haskett akafungua mlango wa nyuma. "Shuka, kijana. Umelowa namna hii, umetoka wapi? Twende, nitakufikisha kwenu mwenyewe."

Gari likainuka kama lililoshusha gunia. Harufu ikakatika. Nyuma yao askari alikuwa anatembea polepole kuelekea gari lake, mkono ameuegemeza hewani, kwenye bega lisiloonekana.

"Kaka, mwambie afande anambeba nani," Kelsie akanong'ona, machozi yanamtoka. "Tafadhali, mwambie."

Garrett akamtazama: mzima, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Endesha," akasema.