Jina Nililoliacha Nje ya Hati ya Baba

Mwenye kuwajibika ni mimi. Naliandika hilo mwanzoni kabisa ili msomaji asipoteze muda akimtafuta mtu mwingine. Wa pili ni marehemu mdogo wangu, Wesley. Wa tatu ni kamati ya mikopo ya chama chetu cha akiba, ambayo mimi nilikuwa mwenyekiti wake. Wanawake wanne walioko rumande hivi sasa hawamo katika orodha hii.

Nina umri wa miaka sitini na minane. Nilikuwa karani wa serikali katika ofisi ya ardhi tangu ujana wangu hadi siku nilipoagwa kwa keki na saa ya ukutani. Katika muda huo wote sikupoteza faili hata moja. Sikupokea chochote chini ya meza. Huku kwetu, juu ya Litein, watu bado huniita Bwana Karani, na nilijivunia jina hilo... Leo nikiitwa hivyo, nainamisha kichwa.

Nitaeleza kwa utaratibu.

Baba yetu alikuwa na ekari nne za majani chai. Tulikuwa watoto watatu: mimi, dada yangu Chelangat, na Wesley kitinda mimba. Chelangat aliolewa upande wa Bomet. Alipigwa huko hadi sikio moja likaacha kusikia, akarudi nyumbani na binti yake mgongoni. Baba hakumuuliza maswali. Alimwonyesha ekari moja ya bondeni, iliyokuwa kichaka kitupu, na mbele ya kokwet, yaani wazee wa mtaa wetu walioketi kama baraza, akatamka kwamba hapo ni pake.

Dada alikifyeka kichaka hicho mwenyewe. Aliibeba miche ya chai kichwani, akaichimbia mashimo, akaipalilia kwa miaka mitatu kabla ya kuchuma jani la kwanza. Hakuna mche pale ambao haukupita mikononi mwake.

Baba alipofariki, mambo ya urithi niliyashika mimi. Nani mwingine angeyashika? Barua ya chifu, ile inayotaja watoto wote wa marehemu, niliiandika mimi. Yeye aligonga muhuri tu. Niliandika jina langu. Nikaandika la Wesley. Kisha nikaweka nukta.

Je, nilisahau? Hapana! Niliijua sheria kuliko mtu yeyote kijijini, na sheria haikumbagua binti. Lakini nilijiambia kwamba mwanamke aliyerudi nyumbani huenda akaolewa tena, na shamba la baba likaingia mikononi mwa mwanamume mgeni. Chelangat aliponiuliza, nilimjibu kwamba hati ni karatasi tu, shamba ni lake.

"Sawa, Baba Dennis," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu wa kwanza kama ilivyo desturi yake. "Wewe ndiye unajua karatasi."

Kwa kuwa hakuwa na hati, hakuwa na namba ya mkulima. Majani yake yakapimwa kwenye kituo cha kununulia chai kwa namba ya Wesley. Wasomaji wenzangu, tulieni hapo kidogo! Dada alichuma, na Wesley akaonekana mkulima hodari. Bonasi ya mwaka iliingia kwa Wesley, naye akamkatia dada kile alichojisikia kumkatia. Kila kilo iliyopita mizanini ilimjengea mdogo wangu sifa ya kukopesheka. Chelangat, kwa mujibu wa kumbukumbu, hakuwa amewahi kuchuma jani hata moja!

Ili aishi, alifanya kibarua cha kuchuma katika mashamba ya watu, pamoja na wanawake wengine kumi na mmoja wa mtaa wetu. Huko, kwenye shamba moja kubwa, ndiko alikoiona mashine ya kuchumia chai. Watu wawili huishika kila mmoja upande wake, wakatembea kandokando ya mstari, visu vikakata majani juu ya miche na kuyatupa ndani ya mfuko nyuma. Kazi ya wanawake kumi na wawili hufanywa na watu wawili.

Wengine waliiona mashine ile wakalia. Chelangat aliiona akafikiri. Jumapili moja baada ya kanisa, tukiwa kwangu tunakunywa mursik, maziwa yetu ya kugandisha, alitueleza mimi na Wesley. Mashine itakuja, alisema, tutake tusitake. Lakini ikija ikiwa mali ya wachumaji wenyewe, basi wao ndio watakaokodiwa na wenye mashamba, na hakuna atakayefukuzwa. Wangeomba mkopo wa kikundi.

Wesley aliuliza tu bei yake, na duka lilipo.

Siku ya kikao cha mikopo, wanawake wote kumi na wawili walikuja wakiwa wamevaa leso safi. Chelangat alizungumza vizuri kuliko wajumbe wengi niliowahi kuwasikia. Nikamsikiliza hadi mwisho, kisha nikamuuliza swali ambalo kanuni zinalitaka: dhamana iko wapi? Kuna hati gani ya shamba?

Akanitazama. "Baba Dennis, hati yangu si iko kwako?"

Kamati ikacheka. Mjumbe mmoja, mwenye duka la mbolea, akamtania: "Mama, weka kikapu chako. Tukikosa pesa tutapiga mnada kikapu!"

"Kikapu kimelisha watoto kuliko duka lako," dada akamjibu, na wanawake wakapiga makofi.

Niligonga meza. Niliandika kwenye kumbukumbu kwa mwandiko wangu ulionyooka: ombi limekataliwa kwa kukosa dhamana. Ajenda iliyofuata ilikuwa ombi la Wesley... la mashine ileile! Kwa kuwa ni ndugu yangu, nilitoka nje ya chumba kama kanuni zinavyotaka. Nilisimama barazani dakika tano. Niliporudi walikuwa wameshapitisha. Dhamana ilikuwa hati ya baba, ekari zote nne, na ile ya bondeni ikiwamo. Nikatia sahihi kama mmiliki mwenza. Nikatia tena kama mwenyekiti.

Kila kitu kilikuwa sawa kisheria. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Mashine ilifika, na ndani ya mwezi mmoja wenye mashamba wakawa hawawataki tena wanawake. Chelangat alimfuata Wesley kituoni, akamwomba angalau awaajiri wenzake kuchagua majani. Wesley alimzaba kofi mbele ya foleni nzima ya wakulima. Kikapu kikaanguka, majani yakamwagika kwenye matope. Mimi nilikuwepo. Niliinama nikayaokota majani... Kwa nini sikumshika mkono mdogo wangu? Kwa nini niliokota majani?

Kisha wenye hati wengine nao wakakopa. Mashine zikawa nne, zikawa saba, bei ya kukodi ikaporomoka, na Wesley akashindwa kulipa. Kamati ikamwandikia barua kwamba asipolipa, shamba litauzwa. Barua hiyo niliitia sahihi mimi.

Wesley akaigeukia chai ya dada. Alisema ataichuma yote kwa mashine na kuchukua kila kitu, kwa kuwa shamba linasimama kwa hati, si kwa maneno ya marehemu. Wanawake wakajipanga bondeni kuizuia. Wesley akaleta vijana wenye rungu. Nilisikia mayowe kutoka nyumbani kwangu. Mama mmoja mzee alipoteza meno matatu. Mwingine, mjamzito, alipigwa teke la tumbo, na siku mbili baadaye ujauzito ukaharibika. Vijana wakarudi wamepasuliwa vichwa kwa majembe. Damu ilikuwa juu ya chai...

Kokwet iliketi. Wazee walikumbuka vema maneno ya baba, na mmoja wao aliyarudia neno kwa neno. Kisha wakanigeukia mimi, Bwana Karani, niwaambie sheria inasemaje. Ningeweza kusimama na kusema: niliacha jina, nina kosa, turekebishe. Ningesema hivyo, mdogo wangu angekuwa hai!

Nilisema hati ina majina mawili, na la Chelangat halimo.

Alhamisi iliyofuata, kama saa mbili asubuhi, dada alishuka bondeni kuchuma kwa mikono kama kawaida. Wesley na kijana wake mmoja wakaiwasha mashine upande wa juu wa mstari uleule. Binti yake dada, Faith, aliyekuwa mstari wa pili, alinisimulia yote.

"Toka kwa mstari!" Wesley alipiga kelele. "Hii chai iko kwa hati yangu!"

"Hii chai iko kwa mgongo wangu. Zima hiyo kitu, Wesley."

"Haina breki, na mimi pia sina!"

Dada hakutoka. Aliishika miche kwa mikono yote miwili, kama mtu anayemshika mtoto asichukuliwe. Yule kijana alitaka kuachia upande wake. Wesley akamtukana na kusukuma mbele... Visu vikapita juu ya mkono wa kulia wa dada. Vidole vinne, wasomaji! Vilirushwa ndani ya mfuko pamoja na majani mabichi.

Mayowe ya Faith yalifika ng'ambo ya mto. Wanawake wakatokea kila upande, na safari hii hawakuja kuzuia. Walikuja na mapanga, majembe na kibuyu cha petroli. Wesley alipigwa jembe la bega, akaanguka, akapigwa tena akiwa chini, akajiburuta hadi barabarani. Waliiburuta mashine katikati ya chai, wakaimwagia petroli, wakaitia moto.

Nilifika wakati huo, nikihema. Nilimwona mdogo wangu akisimama, damu ikimtiririka hadi kiunoni. Barabara ilikuwa wazi nyuma yake. Angeweza kwenda zake! Lakini aliitazama mashine ikiungua, akanitazama mimi, akapaza sauti: "Bado sijalipa! Baba Dennis, bado sijalipa!" Akakimbilia motoni kuitoa.

Tangi likalipuka akiwa ameishika.

Tuliwapeleka wote wawili hospitali ya Kapkatet katika gari moja, mmoja akiwa amefungwa leso mkononi, mwingine akiwa amefunikwa majani ya migomba. Harufu ile haijanitoka puani. Njia nzima Wesley alikuwa akiomba maji, na Chelangat, kwa mkono wake mzima, ndiye aliyekuwa akimdondoshea kinywani. Wesley alikufa siku ya tatu. Alikuwa ameishika mashine ambayo hata hakuwa ameimiliki. Siku hiyohiyo polisi wakawakamata wanawake wanne waliokuwa bondeni.

Niliingia wodini kumpa dada habari hiyo. Alilia kwa ajili ya mtu aliyemkata vidole. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, bila hasira:

"Sasa utaniandika?"

Lakini wakati huo kamati ilikuwa imeshakutana bila mimi, na dalali alikuwa ameshabandika tangazo kwenye mti wa lango letu. Ekari nne zitauzwa kwa mnada. Anayejiandaa kuzinunua ni mjumbe yuleyule mwenye duka la mbolea, ambaye mkopo wake wa kununulia umeshapitishwa. Ana hati, bila shaka! Na mjane wa Wesley, ambaye naye jina lake halimo popote, ameambiwa ahame na watoto wake.

Wasomaji wenzangu, nawasihi kama mtu aliyeungua bila kuguswa na moto. Kama baba yako amefariki na urithi haujagawanywa, angalia majina kabla hujatia sahihi. Usimwambie dada yako kwamba hati ni karatasi tu. Mwenye karatasi hukopeshwa, akanunua mashine, akachukua kazi ya asiye nayo, kisha huitwa mchapa kazi. Asiye nayo hufanya kazi hadi mgongo unapinda na kumbukumbu husema hakufanya kitu. Mimi nimeziandika kumbukumbu hizo. Najua zinavyodanganya zikiwa safi.

Nakala ya maandishi haya nimeipeleka mahakamani, kwa msajili wa ardhi na kwa msimamizi wa vyama vya akiba, pamoja na kitabu cha kumbukumbu za kamati ambacho nimekataa kukirudisha. Nadai mnada usimamishwe. Nadai urithi wa marehemu baba yetu ufunguliwe upya, na aliyefungua kichaka cha bondeni aingizwe kwenye hati ya ekari yake kwa jina lake kamili. Nadai kila mjumbe aliyecheka siku ile aeleze chini ya kiapo ni dhamana gani alitaka kwa wanawake ambao walikuwa wamechuma chai yote ya mtaa huu. Nadai wanawake wanne wasisimamishwe kizimbani peke yao.

Na pale mashtaka yatakapoandikwa, naomba karani atakayeyaandika, yeyote awaye, asifanye nilivyofanya mimi. Aandike majina yote. La kwanza liwe langu.