Kisahani cha Karani Gawhale

Nawategea kimoja kabla sijaanza. Hana mdomo, hana tumbo, lakini asipolishwa kwanza hafanyi kazi. Ni nani huyo?

Mmeshindwa? Msinipe mji, mimi mzee nitaupeleka wapi. Jibu ni muhuri wa karani wa ardhi. Kijijini kwetu hata watoto wachunga mbuzi walilijua jibu hilo, na walilicheka. Mimi pia nililicheka, mpaka mwaka aliokufa mwanangu Digambar.

Digambar aliumwa na nyoka ndani ya shamba la pamba, wakati wa mavuno. Aliacha mke wake, Rukhma, na mimi mama yake, na shamba la ekari tatu. Kila asubuhi Rukhma aliwasha moto, akapiga mikate ya mtama kwa viganja, tukala na chatini ya pilipili. Kisha alikwenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya watu. Tangu zamani hakuwa mtu wa maneno mengi. Baada ya msiba alinyamaza zaidi.

Shamba letu lilikuwa bado na jina la marehemu. Chama cha ushirika hakimkopeshi marehemu mbegu wala mbolea. Ilibidi majina yetu, la Rukhma na langu, yaingie kwenye daftari la ardhi kabla ya mvua za mwezi wa sita. Mvua zikipita hujapanda, mwaka wako umekwenda.

Tulipeleka maombi mwezi wa kumi na mbili, pamoja na cheti cha kifo. Mwezi wa nne ulifika, bado hatujapata kitu. Tukaenda tena kwa Karani Gawhale. Tulimkuta anakunywa chai kwa kisahani, taratibu, kama mtu asiye na kazi.

"Bwana karani," nikasema, "faili letu limefikia wapi?"

"Lipo, bibi. Haliendi popote."

"Hilo ndilo linalotusumbua. Haliendi."

Alicheka. Akamaliza chai yake, akakisukuma kisahani kitupu upande wetu wa meza. Akaweka vidole vitatu juu yake, akatutazama. Rukhma alivuta ncha ya sari ikafunika uso, akaitikia kwa kichwa. Kwetu mjane kijana hazungumzi habari za pesa na mwanamume wa nje.

"Rupia elfu tatu?" nikauliza. "Tutazitoa wapi?"

"Mimi nimetaja pesa, bibi? Mimi nakunywa chai yangu."

Njiani Rukhma akasema, "Mama, tuuze mbuzi."

"Mbuzi yule? Hata fisi akipewa bure atasema amefunga."

Hakucheka. Jioni ile nilimtegea vitendawili vitatu, hakutegua hata kimoja.

Jirani yetu, Nirmala, ni mhudumu wa chekechea. Anaandika vizuri, na haogopi ofisi. Alikuja kuazima chekecheo, akamkuta Rukhma anamfunga mbuzi kamba.

"Anakwenda wapi huyo?"

"Sokoni," nikamjibu. "Kisha kwa Gawhale."

"Gawhale anataka mbuzi?"

"Anataka vidole vitatu."

Nirmala akaketi. "Shangazi, ada ya kuandikisha mrithi ni kiasi gani?"

"Si hiyo elfu tatu?"

"Serikali haitozi kitu. Hakuna ada. Hiyo ni rushwa."

"Sisi tunaiita chai."

"Iite utakavyo. Sheria inamshika anayepokea, na inaweza kumshika anayetoa pia. Mtu akilazimishwa kutoa, ana siku saba za kutoa taarifa. Lakini afadhali kwenda kabla hujatoa. Wilayani kuna ofisi ya kuzuia rushwa. Namba yao ya bure imebandikwa ukutani kwenye ofisi hiyohiyo ya Gawhale, nyuma ya kalenda."

"Na wewe ulijuaje kuwa iko nyuma ya kalenda?"

Nirmala aliinamisha uso. "Kwa sababu mwaka juzi nilitoa. Nikaiona nikiwa natoka. Nikaendelea kutoka."

Rukhma alimfungua mbuzi kamba.

Ofisini wilayani tulimkuta mwanamke, Inspekta Deokar. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaandika malalamiko, akamsomea Rukhma kila mstari kabla hajatia dole gumba. Kisha akasema, "Neno lenu peke yake halitoshi. Lazima kwanza tuhakikishe kwamba ameomba." Akampa Rukhma kinasa sauti kidogo, akifiche ndani ya blauzi. Akampa na shahidi, mtumishi wa idara ya kilimo asiyetujua sisi wala Gawhale. Huyo angejifanya mpwa wetu.

Wakaenda. Gawhale alikunywa chai, akasukuma kisahani, akaweka vidole. Rukhma akaitikia kwa kichwa. Mpwa wa kuazima alikuwa amesimama mlangoni, na mgongo wa Gawhale ulimzibia, hakuona kitu.

Inspekta alipofungua kile kinasa sauti tulisikia feni inalia. Tukasikia mtu anakohoa. Basi.

"Mama," inspekta akamwambia Rukhma kwa upole, "hii mashine haina macho. Inasikia tu."

"Lakini ameomba," Rukhma akasema.

"Najua. Hakimu hajui. Ukimwekea pesa mezani kimya, atasema umemletea zawadi, au umemrudishia mkopo. Kesi nyingi zinakufa hapo. Muulize kwa mdomo wako: hii pesa ni ya nini? Usimshawishi, usimwongezee. Uliza tu, umwache ajibu."

Siku mbili Nirmala alikaa sebuleni kwetu akijifanya Gawhale, na sufuria likiwa meza. Alisukuma kisahani, akakohoa.

"Sema, wewe mwanamke."

"Ni... ni ya..."

"Sijasikia. Au unaongea na sufuria?"

Mara ya kumi sauti ya Rukhma ilitoka. Ilitetemeka, lakini ilisikika. Miaka yote nilikuwa nimemfundisha anyamaze mbele ya wanaume, nikadhani nampa heshima.

Safari ya pili alimuuliza. Niliisikia sauti yake baadaye, kwenye kile kinasa.

"Bwana karani, elfu tatu ni ya nini? Ada ya serikali imo humo?"

Feni inalia. Kisha Gawhale: "Serikali haitaki kitu. Hiyo ni yangu. Leta Jumatatu, ukitaka shamba lako."

Jumatatu, mbele ya mashahidi wawili, watu wa inspekta waliandika namba za noti zetu. Mbuzi alikuwa ameuzwa kweli sasa, maana noti za mtego hutolewa na mlalamikaji. Wakazipaka unga usioonekana. "Usizishike mpaka aombe tena," inspekta akasema. "Usimpe mkono mtu yeyote. Akishapokea, toka nje ujifunike kichwa. Hiyo ndiyo ishara."

Gawhale aliomba, akapokea, akahesabu, akatia mfukoni. Rukhma alitoka, akajifunika kichwa. Watu wakaingia. Walichanganya maji na magadi kwenye bilauri, wakamwambia Gawhale atumbukize vidole. Maji yakageuka rangi ya waridi, kwa ule unga wa noti. Nilikuwa dirishani. Nilimwona anavyoyatazama yale maji, kama mtu anayetazama nyumba yake inaungua. Sikufurahi. Nilidhani nitafurahi.

Wengi husimulia mpaka hapo wakanyamaza. Mimi nitawaambia na yaliyobaki, ili yakiwakuta msishangae.

Faili letu lilichukuliwa kama ushahidi. Karani mpya aliogopa hata kutamka jina letu. Mwezi wa sita mvua zikaja, sisi hatukuwa na mbegu. Shamba likaota magugu. Wenye mashamba makubwa wakaacha kumwita Rukhma kwenye kibarua. Indubai, jirani aliyekuwa akitupatia mtindi kila Ijumaa, alianza kupita njia ya nyuma. Kisimani wanawake walisema, "Huyo ndiye aliyemkamatisha baba wa watoto." Tulikula mlo mmoja kwa siku, na mara nyingine Rukhma alisema amekula na mimi nilijua hajala.

Kisha mke wa Gawhale akaja. Alikuwa amekonda. Aliketi chini akalia, akasema mumewe amesimamishwa kazi, watoto wametolewa shule. Aliahidi pesa zitakazotosha mbegu za miaka miwili, ili mradi Rukhma akifika mahakamani aseme hakumbuki.

Alipoondoka, mimi nilisema neno ambalo mpaka leo ninalionea haya. "Mwanangu, sema umesahau. Tumechoka."

Rukhma alikuwa anachambua dengu. Hakuinua macho.

"Mama, nikisema nimesahau, kumbe nilikuwa natafuta chai yangu mimi pia."



Nirmala hakutuacha. Alituandikia barua kwa mkuu wa ardhi wa tarafa, akaomba nakala ya faili itumike, maana asili ndiyo ushahidi, na nakala inatosha kuandikia. Alipeleka barua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila barua aligongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. "Bila muhuri huo watasema hawakuiona," akatuambia. Mwaka wa pili, mwezi wa tano, majina yetu yaliingia kwenye daftari. Tukakopa mbegu. Tukang'oa magugu wiki tatu, mimi kwa kukaa, yeye kwa kuinama, mpaka viganja vikachubuka.

Kesi yenyewe ilichukua miaka mitano. Mara hakimu amehamishwa, mara wakili wa Gawhale anaumwa. Tulipoteza nauli na siku za kibarua. Nirmala alishikwa na ugonjwa wa figo katikati ya hayo, akafa kabla hukumu haijasomwa. Mwaka ule hatukula vitamu vya sikukuu.

Siku ya ushahidi wakili wa Gawhale alimhoji Rukhma kwa sauti kubwa. "Si kweli kwamba wewe ndiye uliyemlazimisha mteja wangu apokee?"

"Nilimuuliza ni ya nini," Rukhma akasema. "Akaniambia."

"Mwanamke wa shamba akumbuke maneno ya miaka minne?"

"Nilikuwa nimejifunza siku mbili kuyauliza. Jibu lake siwezi kulisahau."

Kinasa sauti kilichezwa. Mashahidi wawili walisema walichokiona. Gawhale alifungwa miaka minne. Noti za mbuzi tulirudishiwa na serikali, mbuzi mwenyewe hapana.

Kisimani hawakutupongeza. Mwanamke mmoja alimwambia Rukhma, "Sasa umepata nini? Watoto wake wanakula nini?"

Rukhma alijaza ndoo yake. "Watoto wake nawaonea huruma. Lakini shamba langu lina jina langu. Na wewe siku ukienda kuandikisha lako, hutauza mbuzi."



Miezi miwili baadaye mume wa Indubai alifariki. Tulikwenda msibani, tukakaa mwisho kabisa, hapana aliyetusemesha. Kabla mwezi haujaisha Indubai akapeleka maombi yake kwa karani. Ulipotimia muda wa tangazo la kusubiri wenye pingamizi, alikwenda kuulizia.

Alirudi mchana, jua likiwa kali. Mimi na Rukhma tulikuwa mbele ya nyumba, tunatenga mbegu za pamba. Indubai alipita barabarani. Hakusimama, hakusalimia. Lakini alipofika mbele yetu alinyanyua juu karatasi yenye muhuri, akaishika hivyo kitambo, tuione. Kisha akaenda zake.