Taa Iliyokataa Kuzimika

Yalimkuta rafiki yangu Zulaika wa Namatala, Alhamisi ya tarehe sita Oktoba 1994, saa kumi na moja jioni, mjini Jinja. Mzee Gurmit alikuwa amerudishiwa jengo lake, ambalo wanajeshi walilikalia mpaka vita vikaisha, akalifanya la ofisi, na Zulaika akaweka taa za kubana matumizi ya umeme: mtu akisogea zinawaka, akitulia zinazimika. Lakini chini kabisa, katika chumba kitupu kisicho na dirisha, taa ilikataa kuzimika.

“Msomi wa chuo kikuu!” Gurmit alimkejeli. “Taa yako inamwangazia nani? Isipozimika leo, ng'oa zote uondoke.”

Zulaika alibadilisha kifaa cha kuhisi mtu akisogea, taa ikaendelea kuwaka. Akasikia sakafuni miguu mitupu ikijikokota.

“Nani huyo?” akauliza kwa Kiswahili.

“Dada, humo hatuongei Kiswahili,” mlinzi Bakhit alimwonya kwa Kiingereza kutoka ngazini. “Hiyo ni lugha ya maafande waliowafungia watu humo. Mambo yao tuliyaacha.”

Kwa Zulaika, Kiswahili kilikuwa lugha ya kwao. Hasira na woga vikampanda, akafoka kama afande: “Lala chini!”

Taa ikazimika papo hapo. Miguu ikanyamaza.

Gurmit akaipokea kazi. Zulaika hakulala.

Asubuhi iliyofuata alirudi, akasimama juu ya ngazi, akatulia mpaka taa zote zikazimika. Akasema taratibu, “Amkeni.”

Taa ya chumbani ikawaka. Ikafuata ya ukumbini, kisha za ngazi, moja baada ya nyingine, mpaka ile ya juu ya kichwa chake, naye hakuwa amesogea.