Mpigaji Asiyejua Kuitika

Amri ilikuja kwa neno moja: "Mjomba."

Kinyonga, mpelelezi wa polisi, akavaa hedifoni.

Mjomba hakuwa mtu. Alikuwa sauti ya kompyuta, sauti ya mzee mpole, aliyoiunda fundi mitambo wa idara ya upelelezi kupimia simu zinazojijibu zenyewe. Bonyeza moja, bonyeza mbili. Tangu alfajiri Mjomba alikuwa amepiga mara mia mbili kwa kampuni moja ya kusafirisha mizigo.

Ndani ya menyu hiyo ya simu wafanya magendo walikuwa wameficha mlango. Nyuma ya mlango kulikuwa na siri mbili: ghala lipi, na saa ngapi. Chanjo bandia za watoto, makasha arobaini, zinaondoka leo.

"Nimeupata," fundi alisema. "Bonyeza nne, halafu usiguse kitu sekunde tisa. Mtu wa kawaida angeshakata. Mjomba hana haraka, hana mke anayemsubiri."

Mjomba akapiga. Nne. Kimya. Kisha sauti ya mwanamke, ya kurekodiwa.

"Mwenzangu?"

"Ndiyo," Mjomba akajibu.

Simu ikakatika.

"Mara ya sita hii," fundi alisema. "Nimejaribu hapana, haloo, mpaka shikamoo. Anataka nini huyu dada?"

Kinyonga akaibana hedifoni sikioni.

Sauti ile ilikuwa ikimwita kutoka jikoni kwake kwa miaka tisa. Mwenzangu. Akijibu "ndiyo", hasemeshwi tena. "Kwani nimekuuliza swali?" mkewe husema. "Ukiitwa, itika."

Mkewe alikuwa akisoma matangazo ya redio. Ndivyo alivyomwambia, hata asubuhi hiyo alipoaga kwenda kazini.

"Mjomba aseme naam," Kinyonga alisema taratibu.

"Naam tu?"

"Naam tu."

Nne. Sekunde tisa.

"Mwenzangu?"

"Naam."

"Ghala la tatu, mlango wa nyuma. Saa tano kamili."

Ilikuwa saa nne na nusu.

Kinyonga akashika redio. "Kikosi, ghala la tatu. Mlango wa nyuma. Msipige risasi, kuna mwanamke."

"Umejuaje?" fundi akauliza.

"Ninajua."

Saa tano kasorobo lori lilizingirwa. Makasha arobaini, yote. Wanaume wanne kifudifudi.

Kinyonga aliingia ofisi ya nyuma, Glock mkononi. Mkewe alikuwa mezani, kipaza sauti mbele yake. Aliitazama bastola, kisha akamtazama mumewe.

"Umejua tangu lini?"

"Nusu saa."

"Sikujua kilichomo."

"Ulijua kimefichwa."

Mkewe akainamisha kichwa. Kinyonga akarudisha bastola kiunoni. Pingu alimfunga mwenyewe, mikono mbele, si nyuma. Akampeleka hadi kwenye gari.

Redio ikakoroma, sauti ya fundi. "Kinyonga, kwenye ripoti sauti niandike ni ya nani?"

"Andika ya mke wangu."



"Mtoto anatoka shule saa nane," mkewe alisema kutoka kiti cha nyuma.

"Nitampitia."

"Utamwambia nini?"

Kinyonga aliufunga mlango wa gari polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Akazima redio. Akafunga kifungo cha koti, akavuka barabara.

Hakuharakisha. Zilikuwa zimebaki saa tatu za kutafuta jibu.