Mzee wa Darajani Niliyekatazwa Kumsalimia

"Nyanyua kijani, Sila. Hakuna mtu pale."

Treni ya asubuhi kutoka Dodoma ilikuwa inapiga honi kwenye kona. Mimi nina bendera mbili mkononi, ya kijani na nyekundu... na ng'ambo ya daraja namwona mzee amevua shuka lake jekundu, analipunga hewani.

"Marko, humwoni kweli?"

"Simwoni nani? Nyanyua kijani, utafukuzwa."

Ngojeni kwanza. Najua mtaanza kukomenti kabla sijamaliza, vijana wa siku hizi hamna subira. Mimi ni babu yenu, nakaribia miaka tisini, na simu hii naijua kuliko mnavyodhani.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, masika ya mwaka hamsini na saba. Ndiyo kwanza nimetoka kwetu Mlali, nimepata kazi ya reli kwenye daraja la karibu na Gulwe. Unakaa kambini upande huu wa Dodoma, unakagua daraja alfajiri, treni ikija unaipa bendera. Kijani ivuke, nyekundu isimame.

Kazi ndogo, eh?

Basi mimi nilikuwa sili nikashiba. Kwetu mtama ulikuwa umekauka shambani, mama na wadogo zangu wanaungojea mshahara wangu. Kila nikishika bendera najiambia, Sila, wewe ni mchunga ng'ombe tu, treni nzima ya watu inategemea mkono wako, nani kakudanganya kwamba unaweza?

Halafu yule niliyechukua nafasi yake, Methusela, aligongwa na treni palepale darajani. Nikapewa kitanda chake na koti lake la kazi. Koti bado linanuka ugoro wake, na mimi nalivaa.

Wiki ya kwanza haijaisha, nikamwona. Mzee mwenye shuka jekundu, fimbo mkononi, amesimama ng'ambo palepale alipofia Methusela. Kimya... ananitazama. Treni ikishapita, hayupo.

Marko alikuwa mkubwa wangu wa kazi. Nikamwuliza.

"Yule mzee ni nani?"

Akatazama. Akatazama tena, taratibu, halafu akanigeukia kwa uso wa huruma.

"Mzee gani, mdogo wangu?"

Aisee, nikageuka kutazama tena, mzee bado amesimama palepale.

Sisi Wagogo mzee hapitwi bila salamu. Unasimama, unasema mbukwenyi, anakuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, mpaka jua linapanda. Nikafungua mdomo nimsalimie. Marko akanishika mkono.

"Usithubutu. Akikuitikia tu, amekuchukua. Methusela naye alianza hivihivi."

Nikameza salamu yangu. Ikawa kila asubuhi naimeza.

Kuna siku mzee alisogea karibu mno na reli, nikashindwa kuvumilia, nikanyanyua nyekundu. Treni ikasimama. Mzee kashaondoka. Stesheni masta, Bwana Dhirajlal, akaja kwa toroli la reli kutoka Gulwe, jasho linamtoka.

"Umeona nini?"

Nikamwangalia Marko. Marko akatazama chini.

"Sijui, bwana."

"Ukisimamisha treni tena bila sababu, unarudi kwenu."

Tangu hapo nikaanza kuyaogopa macho yangu mwenyewe. Nikiona mbuzi nauliza, Marko, yule ni mbuzi? Chekeni tu. Mimi nilikuwa najifungia chooni nalia.

Sasa turudi kwenye ile asubuhi. Gulwe mvua haikunyesha hata tone, ilinyesha kwenye milima ya Mpwapwa, na maji ya kule hushuka bila kubisha hodi. Mto ulikuwa umefura. Marko akasema keshakagua daraja, liko salama. Na kweli, ukilitazama kwa mbali reli zimenyooka.

Lakini mzee leo hakusimama kimya. Anapunga shuka, anaruka, anapiga kelele, maji yanaifunika sauti.

"Umekagua mpaka ng'ambo?"

"Nimesema nimekagua. Kijani, Sila!"

Mkono wangu wa kijani ulikwishapanda mpaka kifuani. Nikamwaza mama. Nikawaza, kama mimi ni kichaa, nitafukuzwa, nitarudi kuchunga, basi. Lakini kama si kichaa je...?

Nikatupa kijani. Nikaruka katikati ya reli na nyekundu juu.

Treni ilisimama karibu yangu mpaka mvuke ukanipiga usoni. Dereva akashuka anatukana. Ghafla akanyoosha kidole ng'ambo.

"Yule mzee anapunga nini?"

Dereva alimwona.

Nikakaa kwenye kokoto. Tulipokwenda kuangalia, tukakuta nguzo ya mwisho imeliwa na maji, reli zinaning'inia. Nikasogea mpaka nilipoweza, nikaita.

"Mbukwenyi, baba!"

"Leo umepata ulimi?" akajibu. "Kila siku nakuja kumlilia mwanangu Methusela, wewe unanikodolea macho tu. Mwenzako Marko hakukwambia? Huyo amekula sana kwangu."

Nikarudi kwa Marko. Hanitazami, anatazama mabehewa.

"Kwa nini?"

"Nilitaka uondoke tu. Kazi hii nilikuwa namtafutia mdogo wangu. Daraja sikulikagua, Sila... haki ya Mungu, sikujua."

Mlango wa behewa la nyuma ukafunguliwa. Akashuka kijana na sanduku la bati, anacheka.

"Kaka Marko! Nimekuja kama ulivyoniagiza. Yule jamaa kashaondoka?"

Ndiye Elieza, huyo mdogo wake.

Marko akakaa chini, akalia mbele ya abiria wote. Siku ileile akaacha kazi, na Elieza akachukua nafasi yake.

Wewe uliyeanza kazi juzi, unayeambiwa kila siku kwamba hukuona ulichokiona, usiishie kumwuliza huyohuyo mmoja. Muulize na mwingine. Ukiweza, mwendee mwenyewe unayemwogopa, umsalimie.

Mimi na Elieza tulifanya kazi pamoja mpaka tukazeeka. Kila masika, mto ukifura, alikuwa ananiambia, "Kaka yangu alinipenda sana, aliniachia kazi yake." Nilikuwa naitikia, ndiyo, alikupenda. Tumemzika mwaka juzi, na sikumwambia kwamba daraja lile kaka yake hakulikagua.