Kengele ya Kitanda cha Nne

Saa nane mchana, jua likiwaka nje, kengele ya kitanda cha nne ililia. Kitanda hicho hakikuwa na mgonjwa tangu juzi. Hata godoro lilishachomwa moto. Kisha wodi ya kutengwa, inayonuka klorini mpaka macho yanawasha, ikaanza kunukia udi.

"Jini limeshaanza," alinong'ona Twiga, nesi mrefu wa zamu hiyo.

"Liache lilie," alisema Bi Sabuni.

Jina hilo alibandikwa kwa kejeli, maana alishawahi kumnawisha mkurugenzi mikono mbele ya wageni wake. Siku hizi hakuna anayecheka. Wiki mbili nyuma, jini lile lilimwita mdogo wa Bi Sabuni, naye nesi wa hapohapo, kwa sauti ya mgonjwa anayekata roho. Huruma ikamponza, akakimbilia ndani bila glavu wala barakoa, akamshika mgonjwa aliyekuwa amelala zake usingizi. Sasa mdogo mtu mwenyewe yuko kitanda cha pili.

"Dada," sauti yake ikaita kutoka ndani. "Sipati hewa. Njoo hivyohivyo."

Wakachungulia kwenye kioo. Safari hii mgonjwa alikuwa amebanwa kweli. Midomo ilishageuka rangi.

"Ingia tu," Twiga akasema, machozi yakimlenga. "Mimi sitamwambia mtu."

"Soma."

Ndiyo kazi yao ilivyo: mmoja huvaa, mwenzake husoma hatua moja moja. Twiga akasoma kwenye karatasi. Gauni. Barakoa. Miwani. Glavu, jozi mbili. Na kwa kila kamba iliyofungwa, sauti ya mdogo wake ililia zaidi, ikamwita kwa jina la utotoni ambalo nje ya nyumba yao hakuna aliyelijua, ikamkumbusha alivyombeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa, mpaka Bi Sabuni akahisi moyo unataka kutoka ukimbie peke yake, na bado vidole vyake vikafunga fundo.

"Unajipamba kama bibi harusi," sauti ikamsimanga, "na nduguyo anakufa."

"Bibi harusi haharakishwi," alisema Bi Sabuni, akaingia.

Akamkalisha mdogo wake, akafyonza makohozi kwa mashine, akamwekea oksijeni usoni. Dakika kumi nzima. Kifua kikatulia, midomo ikarudi rangi yake. Alilia ndani ya miwani, hakujifuta.

Akapita kwenye chumba cha kuvulia. Kuvua ndiko kunakoua, kila nesi anajua. Nyuma ya kioo Twiga akaanza kusoma. "Nawa glavu. Sasa vua barakoa, upumue, umechoka dada yangu."

Mkono ulishafika shavuni. Barakoa huvuliwa mwisho. Bi Sabuni akainua macho: Twiga alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, akitikisa kichwa, na sauti yake bado inasoma.

Bi Sabuni akashusha mkono. Akaanza upya, akijisomea mwenyewe kwa sauti kubwa, glavu, gauni, miwani, akinawa kila baada ya hatua, na barakoa ikawa ya mwisho. Udi ukamjaa puani.

"Siendi popote," jini likamnong'oneza sikioni. "Nitakaa hapa mpaka mmoja wenu achoke."

"Kaa," alisema Bi Sabuni, akijipaka sabuni mpaka kwenye viwiko. "Sisi tuna zamu tatu kwa siku."